Muhammad Yupi? Wajina wa Ujiji na Lakabu Zilizobaki Ziwani

Ukishuka mwaloni Katonga asubuhi, mitumbwi imerudi na dagaa wanatandazwa juani, ukauliza alipo Juma, hupati jibu. Unapata swali: Juma yupi? Wa mashine, wa nyavu, yule mrefu, au yule wa kwa Mama Zainabu? Jina alilopewa mtu siku ya saba halitoshi kumpata pwani ya Tanganyika. Lazima liandamane na jingine, na hilo la pili hachagui baba wala mama. Linatoka kwa wanaomtazama.

Anayetaka kuielewa Ujiji ya karne ya 19 aanze na swali hilohilo la mwaloni. Mji ule, mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora, ulikuwa mji wa wajina. Kila ukifungua ukurasa unamkuta Muhammad, na usipouliza ni yupi utamtwika mmoja dhambi za mwingine, au utampa mmoja shukrani anazostahili jirani yake.

Tuanze na mwaka 1871, siku Henry Morton Stanley alipomkuta David Livingstone Ujiji. Simulizi hiyo tumeizoea kama ya watu wawili wakivuliana kofia. Lakini pembeni ya Livingstone walisimama wakubwa wa mji, na mmoja wao alikuwa Muhammad bin Saleh. Mzee huyu alikuwa amezuiliwa miaka mingi kwa Mwata Kazembe, kusini mwa ziwa, akaachiwa wakati Livingstone alipokuwa huko.

Huyo si Muhammad bin Gharib, ambaye Livingstone alimwandika kwa namna yake mwenyewe, "Mohamad Bogharib". Mwanzoni mwa 1869 Livingstone aliugua kifua hata hakuweza kutembea. Msafara wa bin Gharib ndio uliombeba kwenye machela, ukamlisha na kumtibu mpaka wakavuka ziwa na kufika Ujiji mwezi Machi. Mtu aliyekuja kuupiga vita utumwa aliokolewa na mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Msomaji akiwachanganya akina Muhammad hawa wawili, jambo hilo zito linampita bila kulihisi.

Aliyekuwepo pia Ujiji mwaka 1871 ni Said bin Majid, tajiri wa Ujiji, ambaye mwanawe Soud aliuawa mwaka huohuo katika vita na Mtemi Mirambo wa Unyamwezi. Asichanganywe na Majid bin Said, Sultani wa Zanzibar aliyetawala toka 1856 hadi 1870. Majina ni yaleyale mawili. La huyu likitangulia, kwa yule linafuata.

Kwa wafanyabiashara wenyewe, nasaba ilitosha kuwatenga. Mtu alitajwa kwa jina la baba, pengine na la babu, kisha ukoo: el Murjebi, el Barwani, el Wardi. Wageni kutoka Ulaya ndio waliovuruga, kila mmoja akiandika jina kama sikio lake lilivyolipokea, hivi kwamba Muhammad mmoja aweza kuonekana watatu katika vitabu vitatu. Lakini wenyeji wa ziwa na Manyema hawakuwa na haja na nasaba za Oman na Mrima. Wao walitoa lakabu, na lakabu hizo ndizo zilizobaki.

Mkubwa wa waliopewa lakabu hizo ni Hamed bin Muhammad el Murjebi, mzaliwa wa Zanzibar. Jina lake na la baba yake yana mzizi mmoja wa Kiarabu, wenye maana ya sifa njema. Bara hawakumwita hivyo. Walimwita Tippu Tip. Wako waliosema ni kwa sababu ya macho yake yaliyokuwa yakipepesa. Mwenyewe, katika maisha yake aliyoyasimulia kwa Kiswahili, alisema ni mlio wa bunduki zake. Pima umbali uliopo: mzazi alimpa sifa, waliokimbia vijiji vyao wakampa sauti ya risasi.

Alikuwa na ndugu wa mama mmoja, Muhammad bin Masud el Wardi. Watu walimwita Kumbakumba, na kila ajuaye Kiswahili anajua kukumba ni kuzoa chote kilichopo. Alikuwa na jamaa mwingine wa ukoo wake, Muhammad bin Said el Murjebi. Huyo aliitwa Bwana Nzige. Mkulima hahitaji kuelezwa shamba linabaki na nini nzige wakishapita.

Wa nne ndiye aliyeishika Ujiji yenyewe: Muhammad bin Khalfan el Barwani, mtu aliyetokea Lindi. Mwinyi Kheri, mkubwa wa mji kabla yake, alifariki mwaka 1885, na baada yake nguvu za bin Khalfan zilienea pande zote mbili za ziwa. Alipigana na majeshi ya Dola Huru ya Kongo mpaka aliposhindwa mapema mwaka 1894 na kurudi upande wa mashariki, uliokuwa tayari mikononi mwa Wajerumani. Ni wachache leo watakaolitambua jina lake la kuzaliwa. Mtaje Rumaliza, yule anayemaliza, na wazee watakuelewa.

Akina Muhammad watatu, basi, na Hamed mmoja. Majina yao ya kuzaliwa yangeweza kusomwa msikitini siku moja bila mtu kugeuka. Lakabu zao zikisomwa pamoja ni mashitaka: risasi, kuzoa, nzige, kumaliza. Waliozitunga hawakuwa na karatasi wala wino, wala balozi wa kuwasemea Zanzibar. Walikuwa na uwezo wa kumpa mtu jina, wakautumia, na ushahidi wao umedumu kuliko pembe zote zilizopita mji ule.

Upande wa pili wa njia hiyohiyo ya misafara walikuwako wajina wengine, na kwao mambo yalikwenda kinyume. Richard Burton na John Hanning Speke walipofika Ujiji Februari 1858, miongoni mwa watu wao walikuwa wawili ambao majina yao ni ya mzizi mmoja, ule wa baraka: Mubarak na Mabruki. Msafara wa baadaye wa Speke na mwenzake Grant kwenda kutafuta chanzo cha Nile ulikuwa pia na Baraka, aliyeshindania ukubwa na Mubarak. Majina hayo mabwana waliwapa watumwa wao mara kwa mara, kana kwamba aliyenyang'anywa kwao angefarijiwa kwa kuitwa mwenye heri.

Mubarak alikuwa Myao. Alikamatwa akiwa mtoto, akauzwa Kilwa, akapelekwa India, akarudi akiwa mtu huru. Wasafiri walimtenga na wajina wake kwa jina la mji wa India, nchi ya utumwa wake: Bombay. Alifika Ujiji mara tatu, na Burton mwaka 1858, na Stanley 1871, na Verney Lovett Cameron 1874, kisha akaendelea na Cameron hadi bahari ya Atlantiki. Mwaka 1876 Shirika la Kifalme la Jiografia la London lilimtunuku nishani. Mabruki naye vitabu vilimwita Mabruki Speke, kwa jina la Mzungu aliyemtumikia.

Basi matajiri walipewa lakabu na walioonewa, na watumishi wakapewa na waliowaajiri. Lakabu ya tajiri inatwambia alichotenda. Ya Bombay na Mabruki inatwambia tu walimilikiwa wapi na walimfuata nani. Haisemi kwamba bila wao Burton na Speke wasingefika pwani hii, wala kwamba mmoja wao alivuka bara zima kwa miguu.

Leo wageni wanaofika Ujiji hupelekwa kwenye kumbukumbu ya Livingstone, penye miembe, nao huondoka na majina mawili ya Wazungu. Natamani waondoke pia na ya bin Saleh na bin Gharib, ya Rumaliza na jina lake kamili, ya Mubarak na Mabruki. Walimu wa Kigoma na Ujiji wanaweza kuanza kesho bila kitabu kipya: waandike ubaoni jina la kuzaliwa upande mmoja na lakabu upande wa pili, kisha wawaulize watoto ni nani aliyeitoa hiyo ya pili, na alikuwa ameona nini.