Kilichobaki Chini ya Dirisha: Historia ya Windows na Mahali pa Kiswahili

Kompyuta inayotumia Windows, hata iwe mpya namna gani, humkatalia mtumiaji anayetaka kuunda folda na kuiita CON. Herufi hizo tatu zilitengwa kabla ya Windows yenyewe kuzaliwa, ziwe jina la kibodi na skrini kwa pamoja, na hadi leo hazijaachiliwa. Mfano huu ni mdogo, lakini unaonyesha tabia ya mfumo endeshi ulioenea kuliko yote katika kompyuta za mezani: haufuti ya kale, huyafunika. Makala haya yanaisoma historia ya Windows kama historia ya matabaka, ili kujibu swali linalotuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili. Lugha yetu ilipoingia humo, iliwekwa katika tabaka lipi?

Tabaka la chini kabisa halikutoka Microsoft. Katika miaka ya 1970 Gary Kildall alibuni mfumo wa CP/M, ambao ulizitambua diski kwa herufi A, B na kuendelea. Mwaka 1980 Tim Paterson wa kampuni ya Seattle Computer Products aliandika mfumo uliofanana na CP/M kwa makusudi, ili programu zilizokuwapo zihamishwe kwa urahisi. Julai 1981 Microsoft iliununua kwa dola 50,000, na tarehe 12 Agosti mwaka huohuo IBM ikaitangaza kompyuta yake binafsi, ambayo mfumo huo ulitolewa kwa ajili yake. Microsoft haikuiachia IBM umiliki. Ilibaki na haki ya kuwauzia watengenezaji wengine. Utajiri wake ulianzia katika haki hiyo.

Mwaka 1983 ilipokuja kompyuta ya IBM yenye diski kuu ndani yake, herufi A na B zilikuwa zimekwisha kushikwa na diski laini, basi diski kuu ikapewa C. Diski laini zimetoweka, nazo kompyuta zetu bado zinaanza kuhesabu kutoka C. Mwaka huohuo mfumo wa DOS ulijifunza kupanga faili katika folda. Mkwaju wa kawaida ulikuwa na kazi nyingine katika amri, kwa hiyo ukachukuliwa mkwaju ulioinamia upande wa pili, nao ndio unaotenganisha majina ya folda hadi sasa.

Juu ya msingi huo ndipo ilipojengwa Windows ya kwanza, Novemba 1985. Haikuwa mfumo kamili bali programu iliyopanda juu ya DOS, na madirisha yake hayakuweza hata kulaliana. Wazo la madirisha na kipanya lilikuwa limekomaa katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, na Apple ilikuwa imekwisha kulifikisha sokoni. Wanunuzi walianza kumiminika toleo la 3.0 lilipotoka mwaka 1990.

Windows 95, iliyotoka tarehe 24 Agosti 1995, inaonyesha vizuri ufundi huu wa kufunika. Kabla yake jina la faili lilikuwa na herufi nane tu na kiambishi cha herufi tatu. Sasa mtu aliweza kuandika jina refu kama “Historia ya Pate”. Lakini chini yake mfumo uliunda jina la siri, HISTOR~1, kwa ajili ya programu za zamani zisizojua majina marefu. Wahandisi walikwenda mbali zaidi. Mchezo wa SimCity ulikuwa na kosa: ulisoma sehemu za kumbukumbu ambazo ulikuwa umekwisha kuziachilia. Katika DOS kosa hilo halikuleta madhara. Katika mfumo mpya lingeuvunja mchezo. Microsoft iliingiza msimbo maalumu wa kuutambua mchezo huo na kuustahimilia kosa lake. Mteja asingeilaumu SimCity, angeilaumu Windows.

Wakati huohuo msingi wa pili ulikuwa ukichimbwa. Dave Cutler, aliyehamia Microsoft mwaka 1988 kutoka kampuni ya Digital, aliongoza uandishi wa Windows NT, mfumo usiotegemea DOS. Ulitoka mwaka 1993, na mwaka 2001 ukawafikia watumiaji wa nyumbani kupitia Windows XP. Majina ya kale, CON na C, yalihamishiwa humo pia.

Kiswahili kilikuja juu ya XP. Microsoft ilitangaza mpango huo mwaka 2004, na matoleo kadhaa yaliyofuata yakapata vifurushi vya Kiswahili. Lakini kifurushi hicho kilihitaji Windows ya lugha nyingine, kwa kawaida Kiingereza, iwekwe kwanza. Menyu zitumiwazo zaidi zilisema Kiswahili. Ukizama kidogo, Kiingereza kilikungoja. Njia nyingine ilionekana Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice Desemba 2004. Kwa kuwa msimbo wake ulikuwa huria, watafsiri hawakulazimika kungoja kampuni iamue kama soko lao linalipa.

Hata hivyo, tukiutazama utando huo wa juu peke yake, tutakosa jambo kubwa zaidi. Windows NT ilijengwa tangu mwanzo juu ya Unicode, kaida inayoipa kila herufi ya kila mwandiko namba yake. Kwa hiyo maandishi ya Kiarabu, pamoja na herufi kama پ na چ zinazohitajika katika miswada ya Kiswahili, yanaweza kukaa na herufi za Kilatini katika faili moja. Mtafiti anayenakili tenzi za Lamu huko London au Muscat hufaidi uamuzi huo kila siku, ingawa waliouchukua hawakuwa wakiifikiria Lamu. Uamuzi wa msingini ulitufaa kuliko menyu zilizotafsiriwa.

Hapa pana funzo kwa wanataaluma wetu. Tumebishana sana kama tuseme kompyuta, tarakilishi au ngamizi, na mjadala huo una thamani yake. Lakini istilahi hukaa juu, na kilicho juu hubadilishwa kwa urahisi. SimCity ilistahimiliwa kwa sababu kuivunja kungemgharimu muuzaji; Kiswahili hakijawahi kuwa na nguvu hiyo ya soko. Nafasi yetu ya kudumu imo katika kaida za chini: usimbaji wa herufi, kamusi za kusahihishia tahajia, kanuni za kupanga maneno. Kazi hiyo haina sifa nyingi, na wasomi walioko ughaibuni, karibu na vikao vinavyoamua mambo hayo, wana fursa ya kuifanya.