Kosa la Valens: Fedha, Toba na Uongozi katika Barua ya Polikarpo

Barua ya Polikarpo, askofu wa Smirna, mji ambao leo ni Izmir nchini Uturuki, kwa Wafilipi haina wasomaji wengi. Wafilipi walimwomba awapelekee barua za Ignasi wa Antiokia, yule askofu aliyepitishwa Smirna chini ya ulinzi wa askari akipelekwa Roma kuuawa. Polikarpo akazituma alizokuwa nazo, pamoja na barua yake mwenyewe. Tangu hapo barua hiyo imeishi katika kivuli cha zile za Ignasi. Wataalamu wengi wameiona hafifu: maneno yake mengi yameazimwa kwa Paulo, katika Waraka wa Kwanza wa Petro na kwa Klementi wa Roma, na fikra mpya ni haba. Kwa maoni yangu hukumu hiyo inaionea. Uzito wa barua hii umo katika sura ya 11, ambapo Polikarpo anamtaja mtu mmoja kwa jina.

Mtu huyo ni Valens, aliyewahi kuwa mzee wa kanisa huko Filipi. Polikarpo anasema amehuzunika sana kwa ajili yake na kwa ajili ya mkewe. Kosa lenyewe halisimuliwi. Hata hivyo, onyo linaloandamana na jina hilo ni juu ya kupenda fedha, jambo ambalo tayari sura ya 4 imelitaja kuwa mwanzo wa matatizo yote, kwa hiyo yaelekea mali ilihusika. Kipande hiki kimetufikia kwa Kilatini tu, maana nakala za Kigiriki zinakatikia sura ya 9. Mwaka 1936 P. N. Harrison alipendekeza kwamba hapa tuna barua mbili zilizounganishwa. Hata tukimkubalia, sura ya 6 na ya 11 zinabaki katika barua moja, na hilo linatosha kwa hoja yangu.

Polikarpo angeweza kunyamaza. Valens alikuwa kiongozi, na aibu ya kiongozi hugusa kanisa zima. Hata hivyo anaandika jina lake katika barua inayolihusu kanisa lote. Kisha, baada ya kukemea kupenda fedha bila kupaka maneno asali, anamwombea yeye na mkewe toba ya kweli na kuwasihi Wafilipi wasiwahesabu kuwa maadui. Wawarudishe kama viungo vinavyougua na kupotea, ili mwili mzima uokoke. Sababu hiyo ya mwisho ndiyo iliyonigusa zaidi. Nilizoea kuuona msamaha kama fadhila ambayo wasio na kosa humfanyia mkosaji. Polikarpo anaona vingine: kanisa linalomtupa Valens linajiumiza lenyewe, na uponyaji wake ni uponyaji wao.

Hapo ndipo mpangilio wa barua unapoonyesha hekima yake. Katika sura ya 6, kabla Valens hajatajwa, wazee wa kanisa wamekwisha kuagizwa wawe na huruma, wawatembelee wagonjwa, wasimsahau mjane, yatima wala maskini, wasiwe wepesi kuamini mabaya ya mtu, wala wakali katika kuhukumu, kwa kuwa wote ni wadeni wa dhambi. Mahakimu wanafundwa kwanza, ndipo kesi inaletwa. Mwandishi naye hajikwezi: katika sura ya 3 anasema anaandika kwa sababu ameombwa, na kwamba mtu kama yeye hawezi kuifikia hekima ya Paulo. Maneno ya kuazima yaliyomletea lawama naona yanalingana na unyenyekevu huo. Anayekemea tamaa ya mali hajifanyi mwenye mali hata katika maneno.

Kuna pingamizi la haki: huruma ya namna hii inaweza kuwa kichaka cha wezi. Wengi wetu tumeona fedha za ujenzi wa kanisa zikiyeyuka, kisha waumini wakaambiwa wasamehe na wasiulize. Polikarpo hatoi nafasi hiyo. Anauliza asiyeweza kujitawala katika mambo haya atawezaje kuwaonya wengine, na toba anayoiombea ni ya kweli. Naelewa kutokana na hilo kwamba kurudishwa katika mwili si kukabidhiwa tena funguo za hazina. Barua haisemi popote kwamba Valens arudishiwe uzee wake. Anayechanganya mambo hayo mawili hutumia msamaha kuwanyamazisha waliodhulumiwa, na hiyo ni dhuluma ya pili.

Kwa hiyo nawaomba wazee na wachungaji watakaokaa kikao cha namna hii: someni sura ya 6 kabla hamjamwita mtuhumiwa, someni sura ya 11 akiwapo, na hesabu zisomwe mbele ya waumini wote.