Bastola Moja, Mitutu Kadhaa: Historia ya Silaha Inayobadili Kaliba

Bastola nyingi za kisasa huundwa kwa vipande vinavyoweza kutenganishwa bila msaada wa fundi, na miongoni mwa vipande hivyo mtutu ndio uliowashughulisha wabunifu kwa muda mrefu zaidi, kwa kuwa mtutu ukibadilishwa, silaha ile ile inaweza kufyatua risasi ya kipenyo kingine. Kipenyo hicho, ambacho watumiaji wa silaha hukiita kaliba, hupimwa kwa milimita huko Ulaya na kwa sehemu za inchi huko Marekani, ndiyo maana risasi moja hujulikana kama 9mm na nyingine kama .45, yaani sehemu 45 za mia za inchi. Matangazo ya biashara huisifu bastola ya namna hii kana kwamba ilizaliwa katika karne ya sasa, ilhali wazo lenyewe lina zaidi ya miaka 100, na katika kipindi chote hicho kufaulu kwake kumetegemea zaidi kitako cha risasi, bei ya risasi na maandishi ya sheria kuliko ufundi wa mtutu.

Ili jambo hilo lieleweke, ni lazima kwanza muundo wa risasi ufafanuliwe. Risasi kamili ina ganda la shaba lililojazwa baruti, kichwa cha risasi kilichobanwa kwenye mdomo wa ganda, na kitako ambacho ndani yake hukaa fataki, kile kidonge kidogo kinacholipuka kinapogongwa na pini. Katika bastola inayojipakia yenyewe, sehemu ya juu ya silaha, ambayo hapa itaitwa kitelezi, hurudi nyuma kila risasi inapofyatuliwa, na ndoana ndogo iliyomo ndani yake hukamata ukingo wa kitako na kulivuta ganda tupu nje. Kwa hiyo risasi mbili zenye vichwa vya vipenyo tofauti zinaweza kutumika katika bastola moja kwa urahisi endapo vitako vyake vinalingana, maana uso wa kitelezi unaokutana na kitako hautahitaji kuguswa. Vitako vikitofautiana, kubadilisha mtutu peke yake mara nyingi hakutoshi.

Mfano wa awali wa ulinganifu huo ulipatikana Ujerumani. Georg Luger, aliyefanya kazi katika kampuni ya DWM ya Berlin, aliiboresha bastola ya Hugo Borchardt, na mwaka 1900 Uswisi ikaipokea silaha yake kwa ajili ya jeshi, ikiwa na risasi ya milimita 7.65 ambayo ganda lake lilikuwa na shingo nyembamba mfano wa chupa. Baadhi ya wanajeshi waliijaribu wakaiona risasi hiyo kuwa ndogo mno, na jibu la Luger lilikuwa rahisi kiasi cha kushangaza: aliiondoa ile shingo, akauacha mdomo wa ganda upanuke hadi kubeba kichwa cha milimita 9, huku kitako kikibaki kama kilivyokuwa. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa 9mm Parabellum, ambayo jeshi la majini la Ujerumani liliipokea mwaka 1904 na jeshi la nchi kavu mwaka 1908, na ambayo leo ndiyo risasi ya bastola iliyoenea kuliko nyingine zote duniani. Bastola ya Luger haikuhitaji mabadiliko makubwa zaidi ya mtutu, ingawa mtutu wake ulifungwa kwa kuskurubiwa, na kuubadilisha ilikuwa kazi ya karakana.

Hatua ya kuiondoa kazi hiyo karakanani na kuifikisha mikononi mwa mwenye silaha inaonekana vizuri katika bastola ya FN ya mwaka 1910, iliyobuniwa na Mmarekani John Browning na kutengenezwa Herstal, Ubelgiji. Iliuzwa kwa kaliba mbili, .32 na .380, na tofauti kati ya hizo mbili ilikuwa mtutu tu. Bastola ya aina hiyo, yenye kaliba ya .380, ndiyo aliyoitumia Gavrilo Princip mjini Sarajevo tarehe 28 Juni 1914 kumuua mrithi wa kiti cha Austria na Hungaria, Franz Ferdinand, pamoja na mkewe Sophie. Wasomaji wengi wa historia hulijua tukio hilo, lakini ni wachache wanaojua kwamba silaha yenyewe ingeweza kugeuzwa kaliba kwa kipande kimoja cha chuma.

Huko Marekani msukumo ulitokana na gharama. Bastola ya jeshi ya mwaka 1911, iliyobuniwa pia na Browning, ilitumia risasi ya .45, ambayo ni nzito na ya ghali kwa mazoezi ya kila siku, ilhali risasi ya .22, ndogo kuliko zote za kawaida, ilipatikana kwa bei ya chini sana. Mwaka 1931, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, kampuni ya Colt ilitoa bastola iliyoitwa Ace, yenye umbo la ile ya jeshi lakini ikifyatua .22, na hapo tatizo jipya likajitokeza, kwani nguvu ya risasi ndogo haikutosha kukisukuma vyema kitelezi kilichobuniwa kwa ajili ya risasi kubwa. Ufumbuzi ulitoka kwa David Marshall Williams wa North Carolina, mtu ambaye alikuwa amefungwa kwa kosa la kumuua naibu wa sherifu na ambaye, kwa ruhusa isiyo ya kawaida ya mkuu wa gereza, alianza kuunda mifano ya bunduki akiwa bado kifungoni. Williams aliifanya chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa, iwe kipande kinachojitegemea na kinachoweza kuteleza, ili gesi ya baruti ikisukume nyuma kama pistoni na kukipiga kitelezi kwa nguvu kubwa kuliko ile ya risasi yenyewe. Ubunifu huo uliingia katika Service Ace ya mwaka 1937, na mwaka uliofuata Colt ikaanza kuuza seti ya vipande vya kuigeuza bastola ya .45 kuwa ya .22, ambayo ndani yake mlikuwa na kitelezi kizima, kwa kuwa kitako cha .22 hakikaribiani hata kidogo na kile cha .45.

Uswisi nayo iliendeleza kazi hiyo kwa ustadi unaostahili sifa. Bastola ya SIG P210, iliyopokelewa na jeshi la nchi hiyo mwaka 1949, iliweza kutumia 9mm au 7.65 kwa kubadilisha mtutu na springi yake, na seti ya .22 ilitolewa pia kwa ajili ya mazoezi. Hapa urithi wa Luger ulionekana waziwazi, kwa sababu risasi zilizobadilishana nafasi zilikuwa zile zile mbili zenye kitako kimoja.

Kulikuwa na njia nyingine ya kuikwepa kabisa sheria ya kitako, nayo ni bastola isiyojipakia. Mwaka 1967 Warren Center wa kampuni ya Thompson/Center huko New Hampshire alitoa bastola ya Contender, inayobeba risasi moja tu na ambayo mtutu wake hukunjika kuelekea chini kwenye bawaba. Kwa kuwa kila mtutu ulikuja na kifaa chake cha kutolea ganda, fremu moja, yaani kiunzi cha silaha, iliweza kubeba mitutu ya kaliba nyingi, kuanzia .22 hadi .44 Magnum. Uhuru huo ndio ulioifikisha kampuni mahakamani. Mwaka 1985 ilitengeneza seti yenye bastola hiyo, mtutu mrefu wa inchi 21 na kitako cha begani cha kuigeuza kuwa bunduki, na serikali ikadai kwamba, kwa kuwa mnunuzi angeweza pia kukiunga kitako hicho na mtutu mfupi wa inchi 10, seti nzima ihesabiwe kuwa bunduki yenye mtutu mfupi na itozwe kodi ya dola 200. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1992, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba sheria ya kodi hiyo ilikuwa na utata na kwamba utata huo ulipaswa kumnufaisha mlipakodi.

Wabunifu waliobaki na bastola zinazojipakia walianza kuzikata risasi zenyewe ili zilingane na silaha, badala ya kufanya kinyume chake. Evan Whildin wa kampuni ya Action Arms alibuni mwaka 1986 risasi ya .41 Action Express, ambayo mwili wake ulikuwa mnene lakini kitako chake kikachongwa kiwe chembamba sawasawa na kile cha 9mm, na Israeli ikaitumia katika bastola ya Jericho 941, ambayo jina lake liliunganisha kaliba zote mbili na ambayo iliuzwa pamoja na mtutu wa pili. Kiufundi lilikuwa jibu safi, na huenda ndilo jibu safi kuliko yote yaliyowahi kutolewa, lakini soko halikuipa nafasi. Tarehe 11 Aprili mwaka huo huo wa 1986 maofisa wawili wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, waliuawa katika mapambano na majambazi mjini Miami, shirika hilo likailaumu risasi yake ya 9mm, likaigeukia ile ya milimita 10, kisha likaipunguza nguvu kwa sababu ilikuwa kali kupita kiasi. Kampuni za Smith & Wesson na Winchester ziliona kwamba ganda lililopunguziwa baruti lina nafasi tupu, zikalifupisha, na mwaka 1990 zikatoa .40, iliyoenea haraka katika idara za polisi na kuizika .41 kabla haijakomaa.

Risasi ya .40 ilileta ndugu yake mwaka 1994, .357 SIG, yenye kitako kile kile na mdomo uliobanwa ili kubeba kichwa cha kipenyo cha 9mm, yaani mbinu ya Luger iliyogeuzwa kichwa chini miguu juu. Kati ya hizo mbili kilichobadilishwa ni mtutu peke yake, na magazini, yaani kisanduku cha risasi, ikabaki ile ile.

Katika mazingira hayo kampuni ya SIG Sauer ilitoa bastola za P250 mwaka 2007 na P320 mwaka 2014, ambazo kiini chake ni kitengo kidogo cha chuma chenye kifyatulio, kinachochomolewa kutoka katika mpini wa plastiki na kuwekwa katika mpini mwingine, pamoja na kitelezi na mtutu wa kaliba nyingine. Januari 2017 jeshi la Marekani liliichagua P320 kuchukua nafasi ya Beretta M9 iliyotumika tangu 1985, katika mkataba wa thamani ya hadi dola milioni 580, na malalamiko ya kampuni shindani ya Glock yakakataliwa Juni mwaka huo. Shindano lililotangulia uchaguzi huo halikuwawekea washindani kaliba maalumu, na bado silaha zilizopokelewa, M17 na M18, zote zilikuwa za 9mm. FBI nayo ilikuwa imekwisha kurudi kwenye 9mm, baada ya vichwa vya risasi hiyo kuboreshwa. Kwa hiyo uwezo wa kubadili kaliba, ambao ndio uliopigiwa debe zaidi, jeshi halikuutumia. Lilichonufaika nacho ni mipini ya ukubwa tofauti kwa mikono tofauti. Wanaobadilisha mitutu kwa kweli ni raia wenye bastola za .40 wanaotafuta risasi ya bei nafuu.

Lililobaki bila ufumbuzi ni swali la kipande kipi kihesabiwe kuwa silaha. Nchini Marekani namba ya usajili wa P320 imechongwa kwenye kile kitengo cha kifyatulio, hivyo mtutu na kitelezi hununuliwa kama vipuri vya kawaida. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la mwaka 2017, huvihesabu mtutu, fremu na kitelezi kuwa sehemu muhimu zinazodhibitiwa. Mataifa ya Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika yalikuwa yamekwisha kuchagua msimamo ulio karibu na huo: Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo Kenya, Uganda na Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizoitia saini, inataka alama ya silaha iwekwe kwenye mtutu, kwenye fremu na, pale kilipo, kwenye kitelezi pia.