Kitabu cha Kiswahili chetu kiko wapi?



Mwaka jana nilikuwa namsaidia mgeni mmoja, msemaji wa Kiingereza, aliyekuja Kindu kwa kazi ya afya. Alitaka kujua Kiswahili, na alifika na kitabu kizuri alichokisoma kweli. Siku ya kwanza sokoni akamsalimia mama mmoja wa Alunguli aliyevuka na mtumbwi: "Hujambo, mama? Samaki wanauzwa mahali gani?" Mama akamjibu kwa furaha: "Jambo sana, papa! Samaki iko fasi ile."

Mgeni akafungua kitabu. "Fasi" haimo. "Samaki iko" ni kosa. Akaniuliza: "Ndugu, mama amekosea?" Na mimi, na diploma yangu yote, nikajibu: ndiyo, amekosea. Usiku nililala vibaya, juu mama yangu mzazi anasema vilevile, na mimi pia nikiwa nyumbani.

Basi nikaanza kutafuta kitabu cha kumfundishia Kiswahili cha hapa. Nilichokuta ni historia yetu wenyewe.

Lugha hii ilipanda na wafanyabiashara wa pwani waliofika Nyangwe na Kasongo karne ya 19. Livingstone aliwakuta Nyangwe mwaka 1871. Stanley alikutana na Tippu Tip huku Maniema mwaka 1876. Watu wa hapa walioingia katika misafara yao, wengi wao wakiwa watumwa au watoto wa watumwa, walijifunza lugha hiyo wakiwa wakubwa, kila mmoja na lugha ya kwao kichwani. Walijiita wangwana, yaani watu huru, na lugha yao ikaitwa Kingwana. Jeshi la Leopold liliposhika Nyangwe na Kasongo mwaka 1893, mabwana walibadilika, lugha ikabaki. Nyuma yake ikaenda na reli, migodi na misioni, mpaka watoto wakazaliwa ndani yake. Ndiyo maana wataalamu wengine wanaiweka karibu na krioli, lugha ya watu waliochanganyika ambayo imekuwa lugha ya mama. Wengine wanakataa, wanasema ni Kiswahili tu. Lakini wote wanakubali kwamba iko na kanuni zake.

Vitabu sasa. Msemaji wa Kiingereza anapata vingi, ila vile nilivyoviona vinatazama Unguja: tangu kile cha Steere cha mwaka 1870, mpaka vile vilivyofuata Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, iliyokuwa ya makoloni ya Waingereza. Kongo haikuwamo. Cha huku nilichokuta ni Manuel de Kingwana, cha mwaka 1928. Mmoja wa waandishi wake ni John Whitehead, mmisionari Mwingereza aliyeishi Wayika, kando ya Lualaba letu hili. Lakini kiliandikwa kwa Kifaransa! Kwa hiyo Mwingereza wa leo anayetaka kukitumia anapaswa kwanza kujua Kifaransa.

Kuna jambo zito zaidi. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya Kiswahili katika Kongo ya Wabelgiji, alichunguza vitabu vya kujifunzia vya wakati ule. Anaonyesha kwamba vingi vilikuwa vya kumsaidia mzungu kutoa amri: leta, beba, fanya upesi. Tazama basi: vitabu vya Unguja vinasema mama wa Alunguli anakosea, na vile vya koloni vinamfundisha mgeni kumtuma. Cha kumsikiliza mama sikukiona.

Mfano wa kuandika wenyewe uko. Mwaka 1965, Lubumbashi, André Yav aliandika historia ya mji wake kwa Kiswahili cha mji huo, kwa niaba ya watu waliokuwa wafanyakazi wa nyumba za wazungu. Hakungoja mtu wa kumsahihishia. Leo Katiba ya 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, na sisi wenye diploma bado tunaona haya kukiandika jinsi tunavyokisema.

Nilirudi kwa mgeni nikamwambia: nilikudanganya, mama hakukosea. Tukanunua daftari. Kila juma anakaa saa moja karibu na meza ya yule mama, anaandika anachosikia, mimi namweleza. "Fasi" iko kwenye ukurasa wa kwanza.

Ombi langu kwenu ni dogo. Kila mmoja wetu, Kasuku, Mikelenge, Alunguli, Kasongo, akae na mzee mmoja, aandike maneno ishirini na namna yanavyotumika. Tukiyaunganisha, kitabu kimeanza. Wenye kukubali, andikeni hapa chini neno la kwanza la nyumbani kwenu.