Zana za kienyeji za kusafishia malikale

Zana za kienyeji za kusafishia malikale ni vifaa ambavyo wanaakiolojia na mafundi wa makumbusho hujitengenezea, au huazima kutoka jikoni, bafuni na kwa daktari wa meno, ili kuondoa udongo, chumvi na kutu kwenye vitu vilivyofukuliwa. Fuvu la zamadamu Zinjanthropus, ambalo mwanaakiolojia Mary Leakey aliliona Olduvai, Tanzania, mwaka 1959, lilitolewa ardhini kwa sindano za meno na brashi laini.

Kanuni kuu ni kwamba kinachosugua kiwe laini kuliko kinachosuguliwa, kwa hiyo mti hutangulia chuma. Pwani, uti wa ukuti wa mnazi, ule wa fagio za chelewa, hufaa sana: ukikatwa mshazari na kuloweshwa, ncha yake huingia kwenye michoro ya kigae bila kukikwaruza. Mwanzi uliochongwa, mwiba wa nungunungu na mswaki wa nyuzi laini hufanya kazi hiyohiyo.

Vigae vya kauri ya Kichina kutoka magofu ya pwani kama Kilwa au Gede vina rangi ngumu ya kioo, navyo huvumilia maji na brashi. Vyungu vya kienyeji vilivyochomwa kwa moto mdogo hulainika vikilowa, na mkono mzito hufuta michoro ileile inayosaidia kukadiria umri wake. Vigae vya ufukweni vina chumvi ambayo, ikikauka, huwa fuwele na kubandua uso wa kigae. Hulowekwa kwenye beseni, maji yakibadilishwa mara kwa mara, kisha huanikwa kivulini juu ya fremu ya mbao iliyowambwa chandarua. Chungu chenye ukoko ndani kisioshwe kabisa, maana maabara inaweza kusoma humo mafuta ya chakula kilichopikwa.

Sarafu za shaba za Kilwa ndizo zinazoharibiwa kirahisi zaidi. Sarafu za sultani wa Kilwa, Ali bin al-Hasan, hazina tarehe, hivyo hutambuliwa kwa maandishi yake. Zina jina lake upande mmoja na sifa za Mungu upande wa pili, kwa vina. Ndimu na ukwaju hung'arisha shaba upesi, lakini asidi hula kutu ya kijani ambamo mara nyingi herufi zimesalia. Fundi makini huifanyia kazi sarafu ikiwa kavu, chini ya lenzi, akiondoa udongo punje kwa punje kwa mwiba. Ikitoa unga wa kijani mpauko, hutengwa kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vifuko vya silika, vile vinavyokuja na viatu vipya, vikishakaushwa.

Kwa chuma, baadhi ya wapenzi wa malikale hutoa kutu kwa kupitisha umeme wa chaja ya betri ya gari kwenye ndoo ya maji ya magadi. Njia hii ni ya hatari: hutoa haidrojeni inayolipuka, na bamba la chuma cha pua likiunganishwa upande chanya huweza kutoa kromu yenye sumu. Msumari ambao kiini chake kimekwisha kuliwa na kutu husambaratika humohumo ndooni.