Bonneville: jina lilelile, pikipiki nyingine?

Wadau, wikiendi nzima nimeshinda sakafuni nikizibua kabureta mbili za Triumph Bonneville ya 2001. Ililala nje miaka mingi na petroli ndani, ikaganda kama gundi. Mswaki mkononi, nikakumbuka ubishi wa wazee wa pikipiki: eti hii si Triumph, ni jina tu.

Hoja yao ina uzito. Triumph ya Meriden ilikufa 1983. Wafanyakazi walikikalia kiwanda 1973 kisifungwe, wakaunda ushirika wao 1975, lakini fedha zikawashinda. Jina likanunuliwa na John Bloor, tajiri wa kujenga nyumba aliyeanza kazi kwa kupiga lipu. Akakaa kimya miaka kadhaa, akajenga kiwanda kipya Hinckley, pikipiki zikaanza kutoka 1991. Na kiwanja cha Meriden? Nyumba za kuishi!

Bonneville yenyewe ilizaliwa 1959, silinda mbili, cc 650. Ya Hinckley ilikuja 2000 ikiwa na cc 790, bila ile sifa ya kuvuja oili (wazee wanasema hapo ndipo uongo unapojulikana, he he). Mfumo wa sindano za petroli ulipoingia 2008, waliuficha ndani ya umbo la kabureta. Hapo wazee wananipata kweli.

Lakini Machi 2002 moto uliteketeza sehemu kubwa ya Hinckley, na kabla ya mwaka kwisha pikipiki zilikuwa zinatoka tena. Aliyetaka jina tu angechukua bima akaondoka zake.

Yangu imewaka jioni hii. Silinda ya kushoto bado inakohoa.