Mpala, Kijiji cha Lubanda

Wandugu, sisi sote tuliopita seminari tunalijua jina la Mpala. Tunalijua kwa ajili ya Padri Stefano Kaoze, aliyeanza kusoma pale mwaka 1899, akapata upadri mwaka 1917, padri wa kwanza mwenyeji katika Kongo ya Wabelgiji. Lakini tukiulizwa watu wa kule walikuwa nani, na mkubwa wao nani mbele ya kengele ya misioni, wengi tunanyamaza. Tunasema "misioni ya Mpala" kama vile mapadri walishuka mahali patupu.

Hapakuwa patupu. Milima ya Marungu inasogea karibu kabisa na ziwa la Tanganika, na mahali pa tambarare ni pachache. Mto Lufuko unapoingia ziwani umeleta udongo mzuri, na pale Watabwa walijenga na kulima. Mahali panaitwa Lubanda. Mpala ni jina la sultani wao.

Mwezi wa Mei 1883 Luteni Emile Storms, Mbelgiji, alivuka ziwa kutoka Karema, akafanya udugu wa damu na Mpala, akaanza kujenga boma. Watu wakamwita Bwana Boma. Tuutazame vizuri udugu huo. Kwa desturi zetu ndugu wa damu si mtawala wako; ni mtu wa kusaidiana naye katika vita na katika njaa. Storms kwa upande wake alihesabu kwamba amepata nchi. Wawili walichanja damu moja, kila mmoja na maana yake moyoni.

Ilionekana wazi katika habari ya Lusinga. Huyu alikuwa sultani mwenye bunduki, akikamata watu na kuwauza, na vijiji vingi vilimwogopa. Mwezi wa Desemba 1884 askari wa Storms walimwua na kumkata kichwa. Fuvu lake likapelekwa Ubelgiji, na wataalamu wakalipima kama wanavyopima mifupa ya nyama wa pori. Sanamu yake ya mti, ukumbusho wa ukoo wake, ilichukuliwa vilevile, ikaingia katika nyumba ya makumbusho ya Tervuren. Hatumlilii mwuza watu. Lakini mtu aliyesema amekuja kukomesha ukatili hakupaswa kurudi kwao na kichwa katika sanduku. Vitabu vyetu vya zamani vinapita hapo mbiombio, ni vibaya.

Mwaka 1885 Storms alirudi kwao, na boma likatolewa kwa Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie. Mwaka 1887 akafika Kapiteni Léopold Joubert, aliyekuwa zamani askari wa Papa, ili kuwalinda watu na wauzaji wa watumwa. Huyu hakurudi. Alioa mke mwenyeji, akafa katika nchi hii ya Marungu mwaka 1927.

Basi kijiji kikakua, maana watu walikimbilia penye ukuta na bunduki. Walikuja wakimbizi wa vita. Waliletwa watoto waliokombolewa utumwani, wasiojua tena lugha ya mama zao. Hao walilelewa, wakabatizwa, wakaozeshwa, wakapewa nyumba karibu na kanisa. Kiswahili kilikuwa njia ya kusikilizana. Kwa hiyo tusiseme kwamba Wakristu wa kwanza wa Mpala walikuwa kabila moja. Walikuwa mabaki ya makabila mengi, na Watabwa ndio waliokuwa na ardhi.

Kengele iligawa siku: sala, kazi, mafundisho, sala tena. Lakini kengele haikugawa kila kitu. Usiku usio na mwezi wanaume waliwasha moto katika mitumbwi, na ndagala wakaufuata mwanga hata kwenye wavu. Asubuhi wanawake waliwaanika juu ya mchanga. Watu wa milimani walishuka na maharagi na unga, wakapanda na samaki mkavu. Mihogo ililowekwa, ikakaushwa, ikatwangwa. Bukari na sombe havikungoja ruhusa ya padri. Upepo wa kusini ukipiga wakati wa kiangazi, hakuna mvuvi aliyetoka, iwe siku ya kazi au ya sikukuu. Na yule katekista aliyefundisha vijana jioni alikuwa vilevile mwenye shamba na mwenye wavu. Tusimfikiri kama mwalimu aliyekaa na kitabu mchana kutwa.

Kuna jambo moja zaidi, nalo linawagusa wenye kuandika madaftari ya parokia. Watabwa huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Padri aliandika katika daftari jina la baba na jina la mama, akafunga kitabu. Lakini siku ya kijana kuposa, mtu wa kuulizwa alikuwa mjomba, na jina la mjomba halikuwa na mstari katika daftari lile.